Je, Mapenzi Yaweza Kuiponya Nafsi Iliyogawika?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Jioni moja baada ya sala ya Alasiri, wanafunzi wetu wakubwa wa kike walibaki chuoni hapa Bububu kukunja majamvi. Tuliwasikia wakibishana kwa sauti ya chini, na mmoja wao alikuwa ameficha simu chini ya mtandio. Hatukumkemea, tulimwuliza tu wanabishania nini. Wakatazamana, kisha yule mwenye simu, msichana wa miaka 17, akasema: "Maalim, tuwie radhi. Tunataka kujua jambo. Mtu akiwa na mtu wa pili ndani yake, na mumewe akampenda kwa dhati, yule wa pili hutoka?"

Tuliwaambia kwamba tutawajibu siku nyengine. Kwa kweli hatukuwa na jawabu.

Usiku ule ule, baada ya Isha, baba wa msichana yule alikuja barazani kwetu. Alikaa kitambo bila ya kusema, kisha akatueleza habari ya bintiye mkubwa, dada wa huyo mwenye simu. Binti huyo ana miaka 22, na posa yake imekwisha pokewa; nikaha ilikuwa ifungwe baada ya Ramadhani. Lakini tangu utotoni ana saa ambazo si yeye. Husema kwa sauti ya mtoto mdogo, hujiita kwa jina jengine, wala hamjui mamaake mzazi. Kisha hurejea, akauliza kwa nini jua limekuchwa, ilhali yeye aliliacha lipo juu. Baba akasema: "Maalim, tunaomba umsomee, na ututilie siri. Akishaolewa atatulia. Mapenzi ya mume yatamsahaulisha."

Basi siku moja, kutoka nyumba moja, tuliletewa swali moja mara mbili: na binti aliyelitoa katika sinema, na baba aliyelitoa katika hofu yake. Makala haya ndiyo jawabu letu kwao wote wawili. Wenyewe wametupa ruhusa ya kuandika, nasi tumebadilisha mambo madogo madogo ili wasitambulikane.

SINEMA ZATUFUNZA NINI?

Watu wa Unguja wamezipenda sinema za Kihindi tangu zama za wazee wetu, na si ajabu vijana wetu wakazirithi. Sinema waliyokuwa wakibishania wanafunzi wetu ni Bhool Bhulaiyaa, iliyotolewa mwaka 2007. Hiyo nayo imechotwa katika sinema ya zamani zaidi, Manichitrathazhu, ya mwaka 1993, iliyotengenezwa Kerala, katika pwani ile ile ya Malabari ambayo majahazi ya huku yakiiendea kwa upepo wa kusi.

Kisa chake ni hiki. Bwana mmoja, jina lake Siddharth, arudi na mkewe Avni katika kasri ya wazee wake. Ndani ya kasri hiyo mna chumba kilichofungwa, nacho chasimuliwa kuwa kina mzuka wa mchezaji ngoma aitwaye Manjulika, aliyetenganishwa na mpenzi wake kwa dhuluma ya mfalme. Avni akifungua chumba kile. Tangu hapo, zipo saa ambazo si Avni tena: hujipamba kama Manjulika, hucheza kama Manjulika, na hutaka kumwua mumewe akimdhania kuwa ni yule mfalme. Daktari wa maradhi ya akili, rafiki wa mume, agundua kwamba hapana mzuka wowote, ni maradhi. Basi hufanywa hila: mahali pa mume huwekwa sanamu, mgonjwa huiua akidhani amelipa kisasi chake, na Manjulika huondoka moja kwa moja. Mke arejea kwa mume, na kisa kikesha.

Ipo na nyengine, Anniyan, ya Kitamil, ya mwaka 2005, iliyotolewa kwa Kihindi mwaka 2006 kwa jina la Aparichit. Wakili mpole aitwaye Ambi ampenda msichana Nandini, naye hamtaki. Katika uchungu wa kukataliwa hutokea ndani yake kijana mtanashati ajiitaye Remo, ajuaye kuvaa na kusema maneno matamu. Na Nandini humpenda Remo, asijue kuwa ni yule yule Ambi aliyemkataa. Na ndani ya mtu huyo huyo yumo wa tatu, muuaji, ajipaye kazi ya kuwaadhibu wakosefu. Wakorea nao, mwaka 2015, walitoa mchezo mrefu wa televisheni uitwao Kill Me, Heal Me, wa kijana tajiri mwenye nafsi saba, na daktari wake wa kike akampenda.

Tukivikusanya visa hivi twaona vyafundisha mambo matatu. La kwanza, kwamba nafsi ya pili ama ni ya kupendeza ama ni ya kuua. La pili, kwamba dawa yake ni hila moja au tukio moja kubwa, kisha yakesha. La tatu, kwamba mpenzi ndiye mganga. Mambo yote matatu hayalingani na yale wayajuayo wenye kuuguza. Na kijana akiyabeba mpaka siku ya ndoa yake, huenda yakamgharimu.

MADAKTARI WASEMAJE?

Maradhi haya tutayaita kwa Kiswahili maradhi ya kugawika nafsi. Hadithi ya mtu mmoja mwenye watu wawili ndani yake si mpya. Mwandishi wa Scotland, Robert Louis Stevenson, alitoa kisa chake cha Dr Jekyll na Mr Hyde mwaka 1886, na tangu hapo watungaji hawajaacha kukichota. Lakini madaktari walikwenda polepole. Chama cha madaktari wa maradhi ya akili cha Marekani kiliyaandika katika kitabu chake mwaka 1980 kwa jina la maradhi ya haiba nyingi. Mwaka 1994 jina lile likabadilishwa, na sababu yake yafaa tuizingatie: walitaka ifahamike kwamba mgonjwa hana watu wengi ndani yake. Ni mtu mmoja, ambaye sehemu za nafsi yake hazikupata kuungana.

Vipi zisiungane? Mtoto mchanga hazaliwi na nafsi iliyokamilika. Huijenga kidogo kidogo katika miaka yake ya mwanzo, kwa kulelewa, kuitwa kwa jina lake, kuogopa akatulizwa, kulia akabembelezwa. Sasa mtoto akipigwa au kuingiliwa au kutishwa mara kwa mara, tena na wale wale waliopasa kumlinda, atakimbilia wapi? Miguu yake ni midogo. Hukimbilia ndani ya akili yake, na huko hujiambia: "Haya hayanifiki mimi, yamfika mwengine." Huyo mwengine hupewa maumivu yote ayachukue, na yeye wa mbele hubaki akila, akicheza, akienda chuoni, asikumbuke kitu. Hila hiyo humsalimisha mtoto. Lakini akikua, hila hubaki, nayo ndiyo huwa maradhi.

Wapo madaktari wanaobisha baadhi ya haya, na kusema kwamba wagonjwa wengine wamefunzwa dalili na vitabu, na sinema, na hata na waganguzi wenye maswali ya kushawishi. Ubishi huo ni wa haki, na ni sababu nyengine ya kujihadhari na sinema. Lakini kwamba wengi mno wa wagonjwa hawa walipata mateso makubwa utotoni, hilo limeonekana tena na tena.

Wala maradhi haya si adimu kama tudhanivyo. Utafiti uliofanywa katika miji ya nchi za nje umekadiria kiasi cha mtu 1 katika kila 100, au kuzidi kidogo. Wengi wao hatuwajui, kwani hawachezi ngoma usiku wala hawashiki upanga. Dalili zao ni za kimya: kupotewa na saa nzima au siku nzima, kukuta kitu mkobani asikumbuke kukinunua, kuambiwa "jana ulisema hivi" na yeye hajui, kusikia sauti zikizozana ndani ya kichwa. Hatari yao kubwa si kwa jirani wala kwa mume. Ni kwa nafsi zao wenyewe, kwani wengi wao hujaribu kujiua.

Na matibabu yake? Hapana kidonge cha kuunganisha nafsi, ingawa vipo vidonge vya kupunguza huzuni na kukosa usingizi. Dawa yake kubwa ni mazungumzo na mtaalamu aliyefunzwa, kwa miaka. Kwanza mgonjwa hupatiwa salama, asiendelee kuumizwa wala kujiumiza. Pili, pole pole, huyatazama yaliyompata. Tatu hujifunza kuishi na sehemu zake zikijuana na kusikilizana, na pengine zikaungana. Na yule daktari anayempenda mgonjwa wake, kama katika mchezo ule wa Wakorea, angelikuwa wa kweli angelifukuzwa kazi, na kwa haki. Kwani mgonjwa aliyeumizwa na mlezi wake hatibiwi kwa kuchezewa na mlezi mwengine.

PEPO NA KITI

Hapa msomaji wetu wa Unguja atasema: "Haya yote twayajua, huyo ana pepo." Naam, kwetu mtu kusema kwa sauti ya mwengine si jambo geni. Wenye mambo hayo huwahesabu mashetani kwa kabila zao: wa Kiarabu, wa Kihabeshi, wa Kibuki wa huko Bukini, na wa rubamba wa Kipemba. Kila mmoja ana jina lake, lugha yake, vazi lake na apendacho. Na yule aliyepandwa huitwa kiti. Wataalamu wa nchi za nje wamekuja mjini kwetu wakakaa miaka kuyaandika hayo. Hukumu ya ngoma hizo na vilinge hivyo katika dini yetu si maudhui yetu leo. Wanavyuoni wamekwisha kuisema.

Majini wametajwa katika Qur'ani Tukufu, nasi twaamini kuwapo kwao. Lakini kuamini kwamba majini wapo si sawa na kusema kwamba kila aliyebadilika sauti ana jini. Kama vile kuamini kwamba wezi wapo si hoja ya kumshika kila apitaye njiani usiku.

Madaktari nao wamelitazama jambo hili kwa adabu kuliko tunavyowadhania. Kitabu kile cha Wamarekani, kilipotolewa upya mwaka 2013, kilitaja wazi kwamba katika nchi nyengine kugawika nafsi huonekana kwa sura ya kupandwa na pepo. Na orodha mpya ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 2022, ina mlango wake mbalimbali kwa ajili ya mtu anayeingiwa na hali ya kupandwa. Vyote viwili vyatahadharisha kwamba ada iliyozoeleka na watu wa mahali isiitwe maradhi, maadamu haimletei mwenyewe taabu.

Kipimo basi ni taabu. Je, mtu huyu hupotewa na saa zake bila ya kutaka? Je, huogopa? Hujikata, hujichoma, hutamani kufa? Masomo yake au kazi yake imeharibika? Yakiwa haya yapo, asomewe Qur'ani, kwani ni shifaa na ni utulivu wa moyo, na apelekwe kwa daktari siku ile ile. Kutafuta dawa ni mwenendo wa Mtume wetu (S.A.W.), wala kisomo hakijapata kumkataza mtu hospitali.

KOSA LETU SISI

Tusingeliandika makala haya kama hatungelikuwa na deni.

Yapata miaka 20 iliyopita tulikuwa na mwanafunzi wa kiume wa miaka 9. Alikuwa mwepesi wa kuhifadhi, kisha ghafla husahau sura nzima aliyoisoma jana, kana kwamba hakupata kuiona. Siku moja, mbele ya macho ya wanafunzi wasiopungua thelathini, aliusukuma mtungi wa maji ukavunjika. Tulipomwuliza, akaapa kuwa si yeye. Tulimpa nafasi aseme kweli, akaapa tena, huku ametukodolea macho. Tulimchapa bakora. Hatukumchapa kwa ajili ya mtungi; tulimchapa kwa ajili ya uongo.

Alipokuwa akichapwa hakulia. Aliutazama ukuta kama kwamba achapwaye ni mtoto mwengine. Sisi tuliuita huo ukaidi, tukaongeza.

Mara nyengine tulimkuta amejikunja pembeni anaponyonya kidole, akisema maneno ya mtoto wa miaka miwili. Tulisema ni jini, tukamsomea sikioni, tukamrejesha nyumbani. Miaka ilipita ndipo bibi mmoja jirani alipotueleza yale aliyokuwa akifanyiwa mtoto yule usiku katika nyumba aliyolelewa. Kwa wakati ule alikuwa amekwisha kwenda zake bara, na hatukupata kumwona tena kumtaka radhi.

Hatusemi kwamba tunajua maradhi yake yalikuwa nini. Sisi si madaktari. Twasema kwamba mtoto alituonesha jeraha lake kwa njia pekee aliyokuwa nayo, na sisi tukaliongeza. Walimu wenzetu wa vyuo, mtoto akikana jambo mliloliona kwa macho yenu, wekeni bakora chini kwanza, mmtazame.

KAZI YA MAPENZI

Turudi kwenye swali: je, mapenzi huponya?

Waislamu wana kisa chao cha kale cha mapenzi na akili iliyopotea. Ni cha Kays na Layla, wa jangwa la Uarabuni, alichokitunga kwa Kiajemi mshairi Nizami wa Ganja mwaka 1188. Kays alinyimwa Layla akapotewa na akili, watu wakamwita Majnun, yaani aliyeshikwa na majini. Na sisi kwa Kiswahili twalitumia neno hilo mpaka leo, majununi. Hebu tazama: mapenzi ya Kays yalikuwa makubwa kuliko ya sinema zote, wala hayakumponya. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, yeye aliyaandika mapenzi ya namna hiyo katika kitabu chake cha tiba miongoni mwa maradhi, na akaeleza namna ya kumjua mpenzi wa mgonjwa kwa kushika mshipa wake huku yakitajwa majina. Wanavyuoni wetu hawakumwachia mshairi kazi ya tabibu.

Na upo mfano wa zama zetu, wa mtu wa kweli. Mwaka 1957 madaktari wawili wa Marekani, Thigpen na Cleckley, waliandika kitabu juu ya mgonjwa wao waliyempa jina la Eve, na mwaka ule ule ikatoka sinema yake, The Three Faces of Eve. Katika sinema, mgonjwa akumbuka jambo la utotoni, nafsi zake tatu huwa moja, naye aolewa na kuondoka kwa furaha. Lakini mwenyewe, Bibi Chris Costner Sizemore, alijitokeza katika miaka ya 1970 akaeleza mambo mengine kabisa. Sinema ilipokuwa ikitangaza kupona kwake, yeye alikuwa bado mgonjwa. Nafsi zilizomtokea zilizidi ishirini, na alikaa karibu miaka 20 mingine akitibiwa kabla ya kutulia. Chanzo alichokieleza ni vifo na ajali za kutisha alizozishuhudia akiwa mtoto mdogo. Mumewe, Don Sizemore, aliishi naye katika miaka hiyo.

Basi hilo ndilo jawabu letu kwa msichana wetu. Mapenzi ya mume hayakumtoa mtu wa pili. Yaliyofanya ni kukaa. Yalimpa mgonjwa nyumba ya kurejea kila akirudi kutoka kwa daktari, na hilo si jambo dogo.

Mume au mke aliyejaaliwa mwenzake wa namna hii, mambo yenyewe ni haya. Asimhoji kama askari: "Wewe ni nani leo?" Asiipende sehemu moja na kuichukia nyengine, kama Nandini alivyompenda Remo akamdharau Ambi, kwani zote ni mtu mmoja, naye husikia. Asimchezee wala asimwite watu wamtazame. Amwambie kwa upole jina lake, mahali alipo, na kwamba hapana wa kumdhuru. Amsindikize kwa daktari bila ya kuchoka. Na iwapo mwenzake ataja kufa, asingoje asubuhi.

KABLA YA NIKAHA

Kwa wazazi tuna neno zito kidogo. Kuna wanaodhani kwamba ndoa ni dawa, na kwamba siri ni stara. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa Unguja, wameuhesabu wazimu miongoni mwa aibu ambazo mume au mke akizigundua ana hiari ya kuivunja ndoa. Sisi hatusemi kwamba kugawika nafsi ni wazimu. Twasema kwamba Sheria imefunga mlango wa kudanganyana. Ndoa iliyojengwa juu ya siri humfanya mgonjwa awe mlinzi wa siri hiyo usiku na mchana, na hofu yenyewe humzidishia maradhi.

Na kuna jingine, tulisemalo kwa staha. Aliyeumizwa mwilini utotoni, usiku wa kwanza wa harusi waweza kumrudisha pale pale alipoumizwa. Bwana harusi asiyejua lolote atadhani anakataliwa, na ndugu mlangoni watangoja habari njema. Nani atamhurumia bibi harusi usiku huo? Makungwi na masomo, nyinyi mnaowafunda wari, mnalo jukumu la kuuliza kabla, na kusikiliza.

CHEMCHEMI

Hapa Bububu pana chemchemi. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hata 1888, aliyafikisha maji yake mpaka mjini, watu wa Mji Mkongwe wakayanywa bila ya kuiona chemchemi yenyewe. Mtu wa mjini akiona maji yake yamechafuka, hatafaidika kwa kulipiga bomba. Sharti aje huku juu atazame penye chanzo.

Chanzo cha maradhi haya, mara nyingi, ni nyumba anamolelewa mtoto. Mtungaji wetu Euphrase Kezilahabi aliliona hilo katika Rosa Mistika, hadithi iliyotolewa mwaka 1971 na ambayo kwa muda ilizuiwa skuli. Si kisa cha maradhi haya, na watu wake si Waislamu. Lakini chaonesha binti aliyepigwa na babaake kwa sababu ya barua ya mvulana, akawa na uso mmoja mbele ya baba na mwengine kabisa alipokuwa mbali naye, mpaka akajiua. Kwa kujua mambo, hadithi hiyo yazishinda sinema zote tulizozitaja, kwani yaanzia penye nyumba.

Utafiti wa taifa uliofanywa mwaka 2009 ulionesha kwamba Tanzania Bara karibu wasichana 3 katika kila 10 walidhalilishwa kwa jinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa Zanzibar waliosema hivyo walikuwa kiasi cha 6 katika kila 100 kwa wasichana, na 9 katika kila 100 kwa wavulana. Wazazi wa wavulana na waisome tena hesabu hiyo. Na hao ni waliothubutu kusema tu.

Hatukuachwa bila ya njia. Zanzibar ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011. Mwaka huo huo kilifunguliwa kituo cha Mkono kwa Mkono katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, ambapo mtoto aliyedhalilishwa huonana na daktari, polisi na mnasihi mahali pamoja. Ipo simu ya watoto, namba 116, isiyolipiwa. Na kwa aliyekwisha kuwa mtu mzima, ipo Hospitali ya Kidongo Chekundu, ambayo watu wameifanya jina la kutaniana, ilhali ni hospitali kama hospitali nyengine, na aendaye huko amekwenda kutafuta afya.

Tumalize kwa habari ya nyumba ile. Tulimwambia baba kwamba tutamsomea bintiye, na tumemsomea. Lakini siri hatuiwezi. Tulimtaka amwone daktari, na amweleze mposaji. Alikasirika, na Ijumaa mbili alitupita msikitini bila ya kutupa mkono. Ijumaa ya tatu alikuja mama, naye ndiye aliyesema jambo ambalo baba hakulijua: juu ya jamaa mmoja aliyekuwa akilala ukumbini mwao, binti alipokuwa na miaka mitano. Alikuwa amelibeba miaka 17 peke yake.

Sasa binti na mamaake hupanda daladala kwenda kwa daktari kila walipoambiwa. Mposaji ameelezwa na mjombaake, kwa maneno machache yaliyotosha. Hakuvunja posa, wala hakutoa ahadi kubwa za sinema. Alisema: "Naomba nafasi nimsikie daktari kwanza, kisha nimsikie yeye mwenyewe." Baba ametupa mkono tena. Nikaha haijafungwa, na Ramadhani imekwisha pita. Wenyewe wamesema hawana haraka.

Na yule mdogo, mwenye simu, tulipomjibu swali lake alinyamaza kidogo, kisha akatuuliza: "Basi mimi nimfanyie nini dadaangu?" Tulimwambia: akirudi na kuuliza kwa nini jua limekuchwa, mwambie saa ni ngapi, mpe maji anywe, na usimcheke.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awahifadhi watoto wetu na wale wanaowadhuru, na atusamehe sisi tuliopiga mahali pa kutazama. Amin.